Kitenzi kimoja cha pilipili na moto

Mla mihogo akitafuna kipande cha pilipili mbuzi bila kujua, kamasi humchuruzika, jasho humtoka kwenye paji la uso, naye huachama na kuupepea ulimi kwa kiganja. Mtie kipimajoto kinywani: joto ni lilelile la kabla ya kula. Hakuna kilichoungua. Hata hivyo atakwambia pilipili imemwasha, na kitenzi hicho ndicho tunachokitumia kwa jiko na kwa taa. Wanasayansi walihitaji karibu karne mbili kugundua kwamba kitenzi hicho kinasema kweli.

Pilipili yenyewe ni mgeni kwetu. Asili yake ni bara la Amerika, na kabla ya safari za Columbus mwishoni mwa karne ya 15 hapakuwa na mtu Afrika wala Asia aliyewahi kuionja. Merikebu za Wareno ndizo zilizoieneza hadi pwani za Bahari ya Hindi. Jina tulilompa mgeni huyo ni la kale kuliko yeye, kwani ni ndugu wa neno la Kiarabu filfil, linalotaja kile tunachokiita pilipili manga.

Mwaka 1816 Mjerumani Christian Friedrich Bucholz alifanikiwa kukamua kiini cha ukali huo, ingawa hakikuwa safi. Miaka 60 baadaye Mwingereza John Clough Thresh alikipata kikiwa chengachenga, akakiita kapsaisini. Sasa dutu ikajulikana. Lakini mwilini inafanya nini?

Hapo yafaa kumkumbuka Johannes Müller, mwanafiziolojia wa Ujerumani. Mwaka 1826 alitoa hoja ambayo hadi leo inashangaza: kila mshipa wa fahamu una habari ya aina moja tu ya kupeleka, hata uchokozwe na nini. Fumba macho, kisha bonyeza taratibu pembe ya jicho kwa kidole. Utaona duara la mwanga, ingawa hakuna mwanga ulioingia. Ubongo umefungiwa gizani ndani ya fuvu. Haukioni kidole; unajua tu ni mshipa upi umeleta habari.

Mwaka 1878 daktari wa Hungaria, Endre Hőgyes, alionyesha kuwa kiini cha pilipili hufanya kazi hasa kupitia mishipa ya fahamu, na kwamba wanyama waliopewa walipoa mwili. Jambo la ajabu: kitu kinachowasha kinashusha joto! Leo maelezo yake ni mepesi. Mwili ulioambiwa kuna moto hufungua jasho na mishipa ya damu ya ngozi ili ujipoze, hata kama moto wenyewe haupo.

Wengine walitaka kujua kiasi tu. Mfamasia Wilbur Scoville, aliyefanya kazi katika kampuni ya dawa ya Parke-Davis mjini Detroit, mwaka 1912 aliwapa waonjaji watano maji ya sukari yenye kiini cha pilipili, akayazimua hadi ukali ukapotea. Kipimo chenye jina lake bado kinatumika. Pilipili hoho ni 0. Jamii ya pilipili mbuzi hupita 100,000.

Jibu lenyewe lilipatikana San Francisco, katika maabara ya David Julius. Amewahi kusimulia kwamba alisimama dukani mbele ya rafu ya sosi za pilipili akimwambia mkewe, naye mwanasayansi, kuwa lazima fumbo lile lifumbuliwe, na mkewe akamhimiza aanze. Yeye na mtafiti mwenzake Michael Caterina walichukua jeni zinazofanya kazi katika neva za maumivu, wakazigawa mafungu mafungu, wakayatia katika seli za figo ambazo kwa kawaida hazijali pilipili. Seli hizo zilitiwa rangi inayong'aa kalsiamu inapoingia. Kisha wakazimwagia kapsaisini. Fungu moja lilipong'aa waliligawa tena na tena, hadi ikabaki jeni moja.

Jeni hiyo, iliyotangazwa mwaka 1997, hutengeneza protini iliyo kama mlango kwenye ukuta wa neva. Kapsaisini huufungua. Ndipo wakajaribu joto tupu, bila pilipili: lilipopita nyuzi 43 za Selsiasi, mlango uleule ukafunguka. Chai ya moto na pilipili hupiga hodi mahali pamoja, na ubongo hauna namna ya kujua ni nani aliyebisha.

Mwaka 2002 mlango wa baridi nao ukapatikana, ule unaofunguliwa na mnanaa. Julius na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, waliufikia kila mmoja kwa njia yake, na mwaka 2021 wakagawana Tuzo ya Nobel.

Si kila kiumbe ana mlango wenye kitasa kimoja. Wa kuku huitikia joto lakini hauitikii kapsaisini, ndiyo maana ndege hula pilipili kwa raha na kusambaza mbegu zake. Fuko asiye na manyoya, anayeishi chini ya ardhi ya Kenya, Ethiopia na Somalia, ni kisa kingine kabisa. Watafiti walipomtia kapsaisini mguuni, neva zake ziliitikia, ila yeye hakuurambaramba mguu kama panya wengine. Habari ilitoka mlangoni, lakini haikuwa maumivu.

Tembo hana bahati hiyo. Pembezoni mwa hifadhi za Tanzania, wakulima huchanganya pilipili ya kusaga na oili chafu ya magari, wakapaka kwenye kamba na matambara yaliyozungushwa shambani. Usiku tembo hunyoosha mkonga kuelekea mahindi, huvuta harufu ile, na mara nyingi hugeuka. Mvua ikinyesha sana, mkulima huchukua kopo lake na kupaka upya.