Udongo na uoto wa miteremko ya Uluguru

Milima ya Uluguru, kusini mwa mji wa Morogoro, Tanzania, ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Vilele vyake virefu hupita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko chimbuko la Mto Ruvu, unaolipatia Jiji la Dar es Salaam maji, kwa hiyo tope linaloteremka Uluguru huwahusu pia watu wa pwani.

Upande wa mashariki hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi na kunyeshewa karibu mwaka mzima. Magharibi, kuelekea Mgeta, mvua hupungua. Miti mirefu ya misitu ya chini hufupika kadiri mtu anavyopanda, mashina yakavikwa kuvumwani na kangaga, hadi uwanda wa juu wa Lukwangule, wenye nyasi na mmea uitwao *Lobelia lukwangulensis*.

Ukichimba msituni, jembe hukutana kwanza na majani yanayooza yaliyosukwa na vizizi, kisha mboji nyeusi, halafu mfinyanzi mwekundu au wa manjano. Chini yake kuna mwamba uliooza: bado unaonyesha mistari ya jiwe la asili, lakini ukiufikicha unamomonyoka mkononi. Mvua ya karne nyingi imekwisha kuosha virutubisho vya tabaka za chini, na rutuba iliyobaki imekaa juu. Miti huishi kwa kurudishiwa kile ilichoangusha yenyewe.

Waluguru wa Mgeta walikuwa na kilimo kilichoendana na hali hiyo. Magugu na mabua hulazwa kwa mistari kukingama mteremko, kisha hufukiwa kwa udongo unaovutwa kutoka juu, shamba likawa kama ngazi. Mpango wa serikali ya kikoloni ulioanza mwaka 1950 ulilazimisha matuta mapana ya kuchimba. Kazi ilikuwa ngumu, na katika sehemu nyingi ilizika udongo mweusi na kuuacha wazi ule mwekundu usio na rutuba. Upinzani wa wananchi uliuvunja mpango huo mwaka 1955. Hata hivyo, si haki kuyalaumu matuta yote: Mgeta yalidumu palipokuwa na maji ya kumwagilia, kwa sababu mboga zilipata soko na wakulima waliweka mbolea.

Mmomonyoko na maporomoko ya ardhi havina dawa moja. Tuta huzuia maji yasikimbie na udongo, lakini maji hayo yakizama huongeza uzito wa udongo na kulegeza mshikamano wake, hasa pale unapokutana na mwamba. Tarehe 23 Februari 1970, mvua ya saa chache ilisababisha maporomoko madogo zaidi ya 1,000 katika eneo la Mgeta. Karibu yote yalianzia mashambani na malishoni; msituni yalikuwa machache mno. Mizizi ya miti hupenya kina ambacho ile ya mahindi na nyasi haifiki, na kulishikiza tabaka la juu kwenye lile la chini.

Kovu la poromoko hufunikwa kwanza na nyasi na kangaga. Miti ya msitu huchelewa kurudi, kwa kuwa mboji na mbegu zilizokuwamo vimekwenda na maji. Na moto wa kusafishia mashamba ukipita hapo kila kiangazi, kangaga huchipua tena kutoka kwenye mashina yake ya chini ya ardhi huku miche ya miti ikiungua.