Jenerali Francis Ogolla: Miaka 40 ya utumishi na wosia uliotekelezwa

Alasiri ya Alhamisi, tarehe 18 Aprili, 2024, helikopta ya Jeshi la Anga la Kenya ilianguka katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kuruka. Kati ya watu 12 waliokuwamo, 10 walipoteza maisha na wawili walinusurika. Miongoni mwa waliofariki alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, Jenerali Francis Omondi Ogolla. Rais William Ruto alilitangazia Taifa msiba huo jioni ya siku hiyo na kuamuru siku tatu za maombolezo ya kitaifa.

Siku hiyo Jenerali Ogolla alikuwa katika ziara ya kazi Kaskazini mwa Bonde la Ufa. Alikwenda kuwatembelea wanajeshi waliopelekwa kukabiliana na ujambazi na wizi wa mifugo, na kukagua ukarabati wa shule zilizokuwa zimefungwa kutokana na ukosefu wa usalama. Alifariki akiwa pamoja na askari aliowaongoza.

Jenerali Ogolla alizaliwa mwaka 1962 na kwao ni Ng'iya, Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya. Alijiunga na jeshi tarehe 24 Aprili, 1984 na kutunukiwa kamisheni ya Luteni Usu tarehe 6 Mei, 1985, kisha akapangiwa Jeshi la Anga. Alipata mafunzo ya urubani wa ndege za kivita nchini Marekani, na baadaye akawa mkufunzi wa marubani nchini mwake. Alisomea pia uchambuzi wa picha za kiintelijensia, mbinu za kukabiliana na ugaidi na uchunguzi wa ajali za ndege.

Mwezi Julai, 2018 alipandishwa cheo kuwa Meja Jenerali na kuteuliwa kuwa Kamanda wa Jeshi la Anga. Julai, 2021 akawa Luteni Jenerali na Naibu Mkuu wa Majeshi, na mwishoni mwa Aprili, 2023 akapandishwa kuwa Jenerali na kukabidhiwa uongozi wa majeshi yote, akimrithi Jenerali Robert Kibochi. Alifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja katika wadhifa huo, zikiwa zimebaki siku sita tu atimize miaka 40 jeshini. Nafasi yake ilichukuliwa na Jenerali Charles Kahariri mwezi Mei, 2024.

Waliomfahamu walimweleza kuwa mcha Mungu, mtu wa sala, ambaye imani yake ya Kikristo haikuishia kanisani bali ilionekana katika kazi na katika malezi ya familia. Ameacha mke na watoto wawili. Ni watoto hao waliosimama mbele ya waombolezaji na kumkumbuka kwanza kama baba, kisha kama Jenerali.

Hata hivyo, jambo lililowagusa wananchi wengi ni namna alivyotaka kuzikwa. Jenerali Ogolla alikuwa amewaachia wanafamilia maelekezo ya wazi: azikwe ndani ya saa 72 baada ya kifo chake, na mazishi yawe ya kawaida. Jumamosi, tarehe 20 Aprili, ibada ya kumbukumbu ilifanyika katika Uwanja wa Michezo wa Ulinzi, Lang'ata jijini Nairobi. Kesho yake, Jumapili, alizikwa nyumbani kwake Siaya kwa heshima zote za kijeshi. Mwili wake ulishushwa kaburini bila jeneza, ukiwa umefungwa sanda.

Uzito wa uamuzi huo unaeleweka zaidi kwa kuangalia mazingira yake. Katika jamii ya Waluo, mazishi ya mtu mwenye hadhi huchukua siku nyingi. Mwili huhifadhiwa, ndugu hukusanyika kutoka mbali, ng'ombe huchinjwa, na mara nyingi familia hubaki na madeni. Kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, kuzika mapema kwa sanda ni desturi ya siku zote. Kwa kiongozi Mkristo wa cheo kile, halikuwa jambo lililozoeleka.

Siaya ina kumbukumbu nyingine kuhusu neno la marehemu. Wakili Silvano Melea Otieno alifariki Nairobi mwezi Desemba, 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alieleza kuwa mumewe alitaka kuzikwa katika eneo la Nairobi, wakati ukoo wake wa Umira Kager ulidai azikwe nyumbani kwa baba zake. Shauri lilifika hadi Mahakama ya Rufani, ambayo mwezi Mei, 1987 iliupa ukoo ushindi kwa kuzingatia mila. Otieno alizikwa Nyalgunga, Siaya, baada ya mwili wake kukaa zaidi ya miezi mitano bila kuzikwa.

Kesi hiyo na mazishi ya Ng'iya zinatofautiana katika jambo moja kubwa. Otieno aliacha mjane na ukoo waliovutana mahakamani. Jenerali Ogolla aliacha familia iliyokuwa tayari kumtii. Kutimiza wosia wake kuliitaka familia hiyo ikubali kutomfanyia baba yao yale ambayo jamii ingetarajia.

Hapa nchini, mazungumzo ya aina hiyo hayana budi kufanyika mapema, iwe kwa familia za wanajeshi waishio makambini au za wakulima wa Kasense mkoani Rukwa. Mtu anayetumikia mbali na nyumbani, na hasa katika kazi ya hatari, huwaondolea nduguze mzigo mkubwa anapoeleza mapema matakwa yake kuhusu mazishi na mali. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) hutoa huduma ya kuandika na kuhifadhi wosia kwa wananchi.

Kazi ya Jenerali Ogolla ilikuwa ya kutoa amri na kuona zikitekelezwa. Ya mwisho waliitekeleza mkewe na watoto wake, katika siku ya tatu, kama alivyotaka.