Ganda la Kuingilia

Neno "sheli" halitufai katika kompyuta. Tanzania, sheli ni kituo cha mafuta, na mwanafunzi akiambiwa aiondolee akaunti sheli atabaki anashangaa. Mimi nashika "ganda". Kiini cha mfumo endeshi ndicho kinachosimamia diski na kumbukumbu. Ganda ni programu inayokizunguka, ikipokea amri za mtu na kukifikishia. Kiini na ganda tunavijua tangu kwenye yai, na istilahi hizi mbili zinabebana.

Ganda la kuingilia, basi, ni lile linalomfungukia mtu akishajitambulisha kwa seva. Katika Linux huandikwa ndani ya faili ya /etc/passwd. Kila akaunti ina mstari wake wenye sehemu 7 zinazotenganishwa kwa nukta mbili, na ya 7 ndiyo ganda.

Seva ya barua pepe ina akaunti zisizo za mtu yeyote. Postfix hutumia akaunti ya postfix, Dovecot ina dovecot na dovenull, na mafundi wengi huongeza vmail, inayomiliki masanduku ya barua. Hizo ndizo akaunti za huduma: programu hufanya kazi kwa majina ya akaunti hizo, hakuna anayeketi kuandika amri. Ukiiachia vmail ganda la /bin/bash, mwizi atakayepata nywila yake anakuta seva inamsubiri aamuru, na barua za watu wote ziko mbele yake. Ndiyo maana hupewa /usr/sbin/nologin, inayomjibu mgeni kwamba akaunti haipatikani kisha kumtoa, au /bin/false, inayomtoa kimya. Hilo naliita "ganda tupu". Postfix haipati hasara yoyote, kwa kuwa haipitii ganda la akaunti yake inapowashwa.

Wapo wanaosema "akaunti iliyofungwa". Tafsiri hiyo ni ya hatari, maana inamlaza fundi usingizi. Akaunti yenye ganda tupu ikibaki na nywila, na seva ikawa inathibitisha watumaji kwa akaunti za mfumo, mwizi atatuma barua kwa SMTP bila kuligusa ganda. Kufunga nywila ni kazi nyingine, ya passwd -l, na funguo za SSH nazo huondolewa peke yake.

Wewe unayetunza seva, soma leo sehemu ya 7 ya kila mstari. Kisha fungua /etc/shadow: sehemu ya 2 ikianza na alama ya mshangao au nyota, nywila ya akaunti hiyo haifanyi kazi.