Mji Uliosubiri Jina Lake Kwenye Kompyuta

Kompyuta mpya ikiwashwa kwa mara ya kwanza, kabla haijamruhusu mwenyewe kuandika hata neno moja, humwuliza yuko nchi gani na anafuata saa ya wapi. Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam hujibu bila kufikiri. Mtu wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, kwa miaka mingi ilimbidi aazime jina la mji mwingine. Wanaozungumzia teknolojia ya Juba hutaja vita, umeme na umaskini, kisha huishia hapo. Mambo hayo hayapingiki. Lakini ukifuatilia maisha ya watundu wa kompyuta wa mji huu tangu 2005, unakuta kero nyingine ambayo haikuletwa na risasi wala giza: mji wao haukuwemo kwenye orodha ambazo mashine huzitegemea. Nashikilia kwamba ujanja wao wa kupita kwa jina la jirani, uliowavusha siku baada ya siku, ulisaidia pia kuzifanya orodha hizo zikae muda mrefu bila kurekebishwa.

Tuanze na simu, kwa kuwa ndiyo kompyuta ya kwanza ya watu wengi. Mkataba wa Amani wa Sudan uliposainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005, Juba ilikuwa imemaliza vita vya zaidi ya miaka 20 ikiwa ngome ya jeshi la Khartoum, huku sehemu kubwa ya vijijini ikiwa mikononi mwa waasi wa SPLA. Mitandao ya simu ilirithi mgawanyiko huo. Kampuni zenye leseni ya Khartoum zilitumia msimbo wa Sudan, 249. Kampuni ya Gemtel ilitumia 256, msimbo wa Uganda, na namba zake zikaanza na 477 kana kwamba Juba ni mji mmojawapo wa Uganda, mbele kidogo ya Gulu. Watu wawili wa mtaa mmoja wakipigiana, mmoja kwa 249 na mwingine kwa 256, kwa hesabu ya mitambo walikuwa nchi mbili. Ndiyo maana kuwa na simu mbili, au simu ya laini mbili zilipoanza kuingia kwa wingi, hakukuwa majivuno. Ilikuwa njia ya kupatikana. Msimbo wa 211 ulitolewa Julai 2011, siku chache baada ya uhuru wa Sudan Kusini wa tarehe 9 mwezi huo, na ndipo mji mzima ulipoanza safari ya kuwa na namba za nchi moja.

Upande wa kompyuta mkanganyiko ulikuwa mkubwa zaidi. Vikwazo vya Marekani dhidi ya Sudan vilianza Novemba 1997. Oktoba 2006 Rais George W. Bush alitia saini amri iliyoiondoa Sudan Kusini katika sehemu kubwa ya vikwazo hivyo, pamoja na maeneo mengine machache. Kwenye karatasi, basi, Juba na Khartoum zilikuwa chini ya masharti tofauti. Kwenye intaneti hapakuwa na tofauti. Januari 2010 SourceForge, ghala mashuhuri la programu huria za wakati huo, ilizifungia anwani za Cuba, Iran, Korea Kaskazini, Syria na Sudan. Mtu atasema tovuti ilikuwa na haki, kwa kuwa kanuni za Marekani za kusafirisha teknolojia, ambazo ni kitu tofauti na vile vikwazo, ziliendelea kuigusa Sudan nzima. Ni kweli. Lakini chujio lile halikupima kanuni yoyote. Lilitazama herufi mbili za Sudan, SD, likafunga mlango. Hata mwanasheria wa SourceForge angetaka kuitenganisha Juba, orodha haikuwa na pa kuiandika. Na hapo hapo, mtu aliyeketi kwenye ofisi yenye dishi la setilaiti aliweza kupakua programu ileile bila kizuizi, kwa sababu anwani yake ya intaneti iliandikishwa Ulaya, ilikokuwa kampuni ya setilaiti. Siku chache baadaye SourceForge iliwaachia wenye miradi waamue wenyewe. Kwa mtundu wa Juba funzo lilikuwa limeshaingia: mashine haitaki kujua uko wapi, inataka kujua umeandikwa wapi.

Uhuru ulipokuja, orodha hazikubadilika kwa mwendo mmoja, na tofauti ya mwendo huo ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Herufi SS za nchi mpya zilitolewa na shirika la viwango la kimataifa Agosti 2011, japokuwa wakuu wa mawasiliano wa Juba walikuwa na wasiwasi kwamba zingekataliwa kwa kukumbusha kikosi cha Hitler. Hifadhi ya kanda za saa inayotumiwa na Linux, Android na mifumo mingine mingi, ambayo hutunzwa na watu wa kujitolea na hupokea taarifa kutoka kwa mtu yeyote, iliingiza Africa/Juba mwaka huohuo. Ramani za Google zilichora mpaka mpya Septemba 2011, baada ya watu kukusanya saini kudai hivyo. Kikoa cha intaneti cha .ss, kwa upande mwingine, kiliidhinishwa na ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, Januari 2019 na kukabidhiwa Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano ya Sudan Kusini. Miaka saba na ushee! Kikoa kinahitaji taasisi ya ndani iombe, ionyeshe uwezo wa kuendesha seva na kukubali dhamana, na taifa lililoingia vitani Desemba 2013, kisha tena Juba kwenyewe Julai 2016, lilikuwa na mengine ya kuhangaikia. Kwa hiyo vita vina sehemu yake hata hapa. Lakini havielezi kwa nini orodha nyingine, zisizohitaji chochote kutoka kwa serikali ya Juba, nazo zilichelewa.

Saa ndiyo inayoonyesha hili vizuri kuliko yote. Januari 2000 Sudan ilisogeza saa zake mbele zikawa sawa na za Nairobi, na kwa miaka 21 mtu wa Juba aliyechagua Nairobi kwenye kompyuta yake hakupoteza kitu. Tarehe 1 Novemba 2017 Khartoum ikarudi nyuma saa moja, Juba haikufuata. Hapo wale watunzaji wa kujitolea ikabidi waitenge Africa/Juba, ambayo hadi wakati huo ilikuwa kivuli tu cha Khartoum. Kisha tarehe 1 Februari 2021 Juba nayo ikarudisha saa nyuma. Hifadhi ile ilitoa sasisho wiki moja kabla. Windows, iliyokuwa kwenye kompyuta nyingi za ofisini na majumbani, haikuwa na jina la Juba kwenye orodha yake mpaka mwaka huo wa 2021, karibu miaka kumi baada ya uhuru.

Fikiria basi kompyuta ya mkononi ya Windows isiyopata masasisho, kwa sababu kifurushi cha intaneti ni ghali au programu yenyewe ni ya kunakili. Imepangwa Nairobi. Asubuhi ya Februari 1 inaonyesha saa moja zaidi. Mwenyewe anafanya kinachoonekana cha busara: anairudisha saa nyuma kwa mkono, anaiacha Nairobi palepale. Saa ya pembeni mwa kioo sasa inalingana na ya ukutani. Ndani, mashine inaamini kwamba dunia nzima imerudi nyuma saa moja, kwa kuwa hupima wakati wa dunia kwa kutoa tofauti ya Nairobi. Programu inayotengeneza namba za siri za tarakimu sita, zinazobadilika kila sekunde 30, inaanza kutoa namba ambazo kila tovuti inazikataa. Mwenye mashine anabadilisha nywila, anafuta programu na kuipakia upya, analaumu mtandao. Dawa ilikuwa kuchagua mji ulio kwenye saa mpya ya Juba mwaka mzima, Harare kwa mfano, bila kuigusa saa yenyewe. Fundi anayejua hilo anastahili heshima yake, maana hakuna kitabu cha maelekezo kilichomwambia.

Kuna watakaosema nakuza jambo dogo. Orodha ni kitu gani mbele ya umeme? Mtambo wa megawati 33 wa kampuni ya Ezra ulizinduliwa Novemba 2019, na kabla yake jenereta ndiyo iliyokuwa umeme wa Juba. Fedha je? Desemba 2015 pauni iliachwa ielee, na kiwango rasmi cha dola kikaruka kutoka karibu pauni 3 hadi 18.5. Sipunguzi uzito wa hayo hata kidogo. Ila angalia namna watu walivyoyakabili: walinunua jenereta, wakafunga sola, wakabeba betri, wakaagiza spea Kampala kwa barabara ya Nimule, iliyomalizwa kuwekwa lami 2012. Kwa shida ya aina hiyo, mwenye fedha kidogo na akili nyingi anapata pa kushika. Nafasi kwenye orodha ya Windows haiuzwi katika masoko ya Juba, si Konyo Konyo wala Custom.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: ikiwa kuchagua Uganda kwenye akaunti au Nairobi kwenye saa kulitatua shida, hasara iko wapi? Hasara ni kwamba anayetengeneza orodha huhesabu watu kwa orodha hiyohiyo. Kila akaunti ya Juba iliyoandikishwa Uganda iliongeza mteja mmoja Uganda na kumfuta mmoja Juba. Kampuni inayotazama takwimu zake na kuona Sudan Kusini haina watu haina sababu ya kuweka malipo, huduma wala jina la mji huko. Na mwenye akaunti hanufaiki vilevile, kwa maana anapoombwa namba ya simu kuthibitisha, namba yake huanza na 211, na nchi aliyoichagua ni nyingine. Siwalaumu waliofanya hivyo. Nafasi yao ilipokuwa haipo kabisa hawakuwa na njia nyingine. Leo 211 ipo, SS ipo, Juba ipo kwenye Windows, .ss ipo, na tangu mapema 2020 nyaya za faiba zimefika mjini kutoka mpaka wa Uganda. Lakini mazoea yamebaki, na simu nyingi bado zinaandaliwa dukani kwa jina la Uganda kwa sababu ndivyo fundi alivyofundishwa na fundi aliyemtangulia. Fundi huyo ndiye mtu wa kwanza anayeweza kuigeuza hesabu, kila anapomkabidhi mteja simu iliyoandikwa Sudan Kusini, hata kama duka fulani la programu litakataa, kwa sababu kukataliwa huko nako huhesabiwa kwenye seva za kampuni, na jina la jirani haliachi alama hiyo.