Thibitisha Kwamba Wewe ni Mtu

Juzi nilimsindikiza kukhu hadi saiba moja mjini Kakamega. Alihitaji fomu ambayo siku hizi hujazwa mtandaoni tu. Kijana wa saiba akaandika jina, namba ya kitambulisho, kila kitu. Kisha skrini ikaleta visanduku tisa vya picha.

"Kukhu, hapa wanataka uthibitishe wewe si roboti. Nionyeshe zile picha ziko na bomba la zimamoto."

Kukhu akavua miwani, akaivaa tena. "Mjukuu wangu, bomba ninalolijua mimi ni la maji."

Tulikosea mara tatu.

Nilicheka, lakini nikiwa njiani kurudi nikajiuliza lango hili lilijengwa na nani, na kwa nini. Mwaka wa 2000 kampuni ya Yahoo ilikuwa taabani. Programu za kompyuta zilikuwa zinajifungulia akaunti za barua pepe kwa wingi, kisha zinazitumia kumwaga matangazo ya ulaghai. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Manuel Blum na mwanafunzi wake Luis von Ahn, kijana kutoka Guatemala, pamoja na wenzao, wakaja na dawa: herufi zilizopindwapindwa. Mtu atazisoma, mashine itakwama. Wakaiita CAPTCHA.

Mwaka wa 2007 von Ahn akaleta reCAPTCHA. Ulikuwa unapewa maneno mawili, na moja lilitoka kwenye kitabu au gazeti la kale ambalo kompyuta ilishindwa kulisoma. Kumbe ukijithibitisha, ulikuwa pia unafanya kazi ya bure. Google ikainunua 2009. Baadaye zikaja picha za barabarani, nyingi zikiwa na sura ya Marekani. Ndiyo maana bibi wa Kakamega anaulizwa kuhusu bomba ambalo halijawahi kusimama kando ya njia yake.

Lakini sisi watu wa huku tulianza zamani kudaiwa ushahidi. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili Waafrika mwaka wa 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alibeba kipande chenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi, ndani ya kikopo cha chuma, mara nyingi kikining'inia shingoni. Aliyemtoroka mwajiri alisakwa kwa karatasi hiyo. Desemba 1921, watu walipokutana Lundha, Gem, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka wa 1931, vibarua waliomiminika migodini walikuwa nacho shingoni.

Hata hivyo, lango lisipokuwepo pia kuna balaa. Tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilikadiria kwamba daftari la wapiga kura lilikuwa na marehemu wapatao milioni 1.2. Hao hawakuwa roboti, lakini walifanya kazi ileile: majina yasiyo na mtu nyuma yake. Mwishoni mwa 2012 tukasajiliwa upya kwa alama za vidole, watu zaidi ya milioni 14. Siku ya kura, Machi 2013, mashine nyingi za kutambua vidole zikagoma, makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi.

Kwa hivyo sisemi malango yaondolewe. Nasema tuangalie yanamzuia nani. Leo programu zinatambua picha hizo vizuri kuliko wengi wetu, na tapeli akitaka anaajiri watu wamsuluhishie kwa senti chache. Anayebaki nje ni mwenye macho dhaifu, mwenye simu ndogo, mgeni wa mitaa ya Marekani. Njia za upole zipo: kisanduku kilichofichwa ambacho mtu hakioni lakini roboti hukijaza, au kumtuma mtu namba ya siri kwa simu. Na kijijini ipo ya kale kuliko zote, jirani anayesema, huyu namjua.

Mara ya nne, kijana wa saiba alibonyeza mwenyewe. Mtambo ukakubali kwamba kukhu ni mtu, kwa ushahidi wa vidole visivyo vyake.