Ukuta, Muhuri na Idhini: Asili ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Mfasiri anayetafuta kisawe cha istilahi ya kigeni hana budi kuuliza kwanza kitu chenyewe kilitokana na nini, na kinafanya kazi gani. Asiyeuliza hivyo hufasiri umbo la neno akaiacha maana yake. Makala haya yanachunguza historia ya istilahi ambayo kwa Kiingereza ni firewall, pamoja na swali linaloambatana nayo ambalo limewaudhi watumiaji wengi wa kompyuta.

Asili ya jambo hili ni kazi ya uashi. Moto ulioteketeza mji wa London mwaka 1666 ulienea upesi kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwa za mbao na zimesongamana. Sheria ya mwaka 1667 ya kuujenga upya mji huo iliamuru nyumba ziwe za matofali au mawe. Katika karne zilizofuata, ukuta uliojengwa ili moto usivuke kutoka upande mmoja hadi mwingine ulipata jina lake maalumu. Watengenezaji wa magari na ndege nao wakalitumia kwa bamba linalotenga injini na chumba cha abiria. Katika matumizi yote hayo, ukuta si wa moto, bali ni wa kuuzuia moto.

Wataalamu wa kompyuta waliliazima jina hilo katika miaka ya 1980. Tarehe 2 Novemba 1988, programu iliyoandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, ilijieneza yenyewe katika intaneti. Ilikadiriwa kwamba kompyuta 6,000 hivi ziliathirika, wakati ambapo mtandao mzima ulikuwa na kompyuta zipatazo 60,000. Mfano wa moto urukao kutoka paa hadi paa ulikuwa dhahiri.

Hapo mwanzo ukuta huo uliwekwa mpakani mwa mtandao wa taasisi, na mtumiaji wa kawaida hakuuona. Hali ilibadilika baada ya programu haribifu iliyoitwa Blaster kuenea mwezi Agosti 2003. Mwaka uliofuata, kampuni ya Microsoft iliirekebisha Windows XP ili ukuta uwe unafanya kazi tangu mwanzo katika kila kompyuta. Mwezi Oktoba 2007, kampuni ya Apple nayo ilitoa Mac OS X Leopard, ambayo ukuta wake uliweza kutoa ruhusa kwa programu mojamoja. Tangu hapo mwenye kompyuta akawa mwamuzi: aliulizwa kama programu fulani iruhusiwe kupokea mawasiliano kutoka nje.

Miongoni mwa programu zilizoleta swali hilo ni iTunes, iliyotumika kuchezea muziki. Tangu mwaka 2003 iliweza kuzigawia nyimbo kompyuta nyingine za mtandao uleule, na kwa hiyo ilihitaji kusikiliza wito wao. Baadhi ya watumiaji walijibu «Ruhusu», lakini kila walipoifungua programu waliulizwa tena. Sababu yake ni hii: ukuta huitambua programu kwa saini ya mtengenezaji, ambayo ni kama muhuri juu ya bahasha. Faili moja ndani ya programu ikibadilishwa, muhuri umevunjika, na ruhusa ya jana haimhusu tena huyu aonekanaye kuwa mgeni. Dawa haikuwa kubonyeza «Ruhusu» mara mia, bali kuiondoa programu hiyo na kuweka nakala kamili kutoka kwa mtengenezaji. Wala aliyekataa hakukosa muziki, kwani nyimbo zilizomo katika kompyuta yake ziliendelea kulia. Kilichozuiwa ni wengine kuzifikia.

Hapa ndipo wajibu wa mfasiri unapoonekana. Akiandika «ukuta wa moto», msomaji ataogopa asichokijua. Akiandika «kubali miunganisho inayoingia», msomaji hataelewa anaulizwa nini, naye atazoea kukubali bila kusoma. Siku programu ya mwizi itakapouliza swali lilelile, ataikaribisha kwa mkono wake mwenyewe.

Neno «ngome» lina heshima yake na watu wa Mombasa na Unguja wanalijua vyema, lakini ngome hujengwa dhidi ya majeshi. Tunaona «ukuta kinga» unaeleza kazi bila kupoteza asili. Ama swali lenyewe, tusilifananishe na hodi, maana hodi hupigwa na mgeni; hapa anayeuliza ni bawabu, naye anamwuliza mwenye nyumba. Kwa hiyo tunapendekeza liandikwe hivi: «Je, programu hii ipokee mawasiliano kutoka kompyuta nyingine?» Wasomaji wenye hoja tofauti wanaombwa wazilete, kwani istilahi hukomaa kwa kujadiliwa.