Mary Collier, Mfua Nguo na Mshairi

Historia imezoea kuandika majina ya wafalme na majemadari, na majina ya watu wa jasho huyapita bila ya kuyatazama. Hata hivyo wapo miongoni mwao waliojiandika wenyewe. Mmoja wao ni Mary Collier, mwanamke maskini wa kusini mwa Uingereza, aliyezaliwa karibu na mwaka 1688.

Wazazi wake walikuwa mafukara, lakini walimfundisha kusoma angali mdogo. Kisha mama yake akafariki, na mlango wa elimu ukafungwa. Hakutiwa chuoni hata siku moja. Alipokua alifanya kazi za mikono, na miaka mingi akakaa katika mji mdogo wa Petersfield, akiishi kwa kuwafulia nguo wenye mali. Burudani yake ilikuwa vitabu: vingine alivinunua kwa ujira wake haba, na vingine aliviazima.

Zama hizo alitokea mpura ngano mmoja, jina lake Stephen Duck, naye pia aliyejisomesha mwenyewe. Mwaka 1730 sifa za tungo zake zilimfikia Malkia Caroline, akampa nyumba na pauni 30 kila mwaka. Collier alizipenda tungo hizo hata akazihifadhi kwa moyo. Lakini ndani yake mlikuwamo maneno yaliyomchoma. Duck alieleza taabu za wanaume kwa ufasaha, kisha akawacheka wanawake wa shambani, kana kwamba kazi yao ni porojo tu.

Waswahili wajua kuwa shairi hujibiwa kwa shairi. Collier alifanya vivyo hivyo, na mwaka 1739 jawabu lake lilipigwa chapa London kwa jina la The Woman's Labour, yaani Kazi ya Mwanamke.

Hakumtukana Duck, alimhesabia kazi. Mwanamke huvuna pamoja na mumewe, na mtoto amemlaza kando ya shamba. Jioni mume hurejea kupumzika, na mke hurejea kupika, kutandika na kulisha wanawe. Na usiku kilio cha mtoto humnyima usingizi. Wakati wa baridi huamka nyota zingali mbinguni, akaenda kufua melimeli na kimia za matajiri. Bibi wa nyumba humwagiza asipoteze sabuni wala kuni. Hufua hata damu ikamtiririka mikononi, na ujira wake wa siku ni peni 6 au 8.

Wako waliotia shaka kwamba mfua nguo aweza kutunga hivyo, hata ikabidi wenyeji wa Petersfield watie sahihi zao kushuhudia kuwa tungo ni zake. Gharama ya kuchapa aliitoa mwenyewe, na faida wakaila wengine. Aliendelea kufua mpaka umri wa miaka 63, kisha akatunza nyumba ya shamba mpaka miaka 70, ndipo akastaafu katika chumba cha darini mjini Alton. Mwaka 1762 tungo zake zilichapwa tena, huko Winchester.

Duck alipata cheo na akawa kasisi, lakini mwaka 1756 alijitosa majini akafa. Collier hakupata pensheni wala nyumba ya malkia. Alisahauliwa muda mrefu, mpaka wataalamu wa karne ya 20 walipomchapa upya. Na leo hawezi mtu kumtaja Duck bila ya kulitaja jawabu la yule mfua nguo.

Kilichomwokoa ni karatasi. Laiti jawabu lake lingalibaki kinywani, lingalizikwa pamoja naye. Katika kila mji wamo wafuaji, wachukuzi na wavuvi wenye tungo vifuani mwao. Ajuaye kuandika na awaandikie wangali hai, na chini ya kila utungo aweke jina la mwenyewe.